Seli hizi ni za nani?

Nilianza na manii, na sababu haikuwa ya kishujaa: hakuna seli za uzazi zinazopatikana kwa urahisi kama hizo. Mayai ya binadamu huvunwa kwa sindano, machache, katikati ya matibabu yenye maumivu na gharama, na kila yai lina mwenyewe anayelisubiri kwa hamu. Viinitete ndiyo usiseme. Manii huletwa kwenye kikopo, mbegu mamilioni kwa mamilioni, na yanayobaki baada ya vipimo vya kliniki mara nyingi humwagwa. Kwa mwanafunzi wa bayolojia ya molekuli aliyetaka kuisoma epijenetiki ya uzazi, yaani alama zinazoamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze, bila kungoja sampuli miaka mitatu, mlango uliokuwa wazi ni huo.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Karibu kila seli ya mwili ina DNA ileile, yenye jeni zipatazo 20,000 za kutengeneza protini. Seli ya ini na seli ya ubongo zimekabidhiwa kitabu kimoja, ila kila moja husoma kurasa zake. Kinachozielekeza ni alama za kikemia zinazobandikwa juu ya DNA na juu ya protini ambazo DNA imejizungushia. Alama niliyoifuatilia mimi ni methili: atomu moja ya kaboni na tatu za hidrojeni, zinazokaa juu ya herufi C pale inapofuatwa na G. Mahali pa namna hiyo ni takriban milioni 28 katika jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, na katika tishu nyingi asilimia 70 hadi 80 kati yake pamebeba alama. Methili ikijaa mwanzoni mwa jeni, kwa kawaida jeni hiyo hunyamaza. Nasema kwa kawaida, na nimejifunza kutoliruka neno hilo ninapoandika ripoti.

Swali letu la mwanzo lilikuwa rahisi kulitamka: wanaume wenye mbegu chache, je, mbegu zao zina alama zilizokosewa? Makala kadhaa zilishajibu ndiyo. Tulitaka kuongeza yetu.

Kumbe manii si mbegu tupu. Ndani yake huelea chembe nyeupe za damu, seli zilizobanduka kwenye kuta za mirija, na seli changa za duara ambazo hazijageuka kuwa mbegu. Chembe nyeupe moja ina seti mbili za kromosomu wakati mbegu ina seti moja, kwa hiyo kila mgeni mmoja huhesabika mara mbili katika DNA utakayoitoa. Chukua mwanamume mwenye mbegu milioni 60 katika mililita moja, na chembe nyeupe laki tano. Mchango wa wageni hao hauzidi asilimia mbili. Sasa chukua mwenye mbegu milioni 1 na chembe nyeupe laki tano zilezile. Nusu ya DNA uliyoishika haitoki kwenye mbegu.

Hapo ndipo mtego ulipo. Eneo linalodhibiti jeni ya H19, kwenye kromosomu ya 11, hujaa methili karibu asilimia 100 ndani ya mbegu. Kwenye damu huwa nusu, maana kila seli ya damu ina nakala ya baba yenye alama na nakala ya mama isiyo nayo. Jeni ya MEST ni kinyume chake: ndani ya mbegu ni tupu, kwenye damu ni nusu. Damu kidogo ikichanganyika na mbegu, H19 inashuka na MEST inapanda, na hivyo ndivyo hasa tafiti kadhaa zilivyoieleza kasoro ya wanaume wenye mbegu chache. Sisemi zote zilipima uchafu. Wapo waliosafisha vizuri na bado wakaiona tofauti. Ninachosema ni kwamba uchache wa mbegu, yaani ugonjwa wenyewe tunaouchunguza, unakutengenezea udanganyifu unaoelekea kulekule unakotarajia kuona ugonjwa. Sijawahi kukutana na kikwazo cha kitakwimu chenye hila kama hiyo, na hakuna hesabu ya kompyuta inayokiondoa. Kinaondolewa kwenye darubini.

Namna ya kusafisha ilinifundisha bayolojia ya mbegu kuliko mihadhara. Mbegu inapokomaa hutupa sehemu kubwa ya histoni zake, zile protini ambazo DNA hujizungushia, na kuweka protamini, protini ndogo zinazoikaza DNA kisha zikafungana zenyewe kwa zenyewe kwa salfa. Ukimimina sabuni ya maabara, seli nyingine zote hupasuka. Vichwa vya mbegu vinabaki vimekaza kama havijaguswa. Unaviosha, unahesabu tena, halafu unatumia kemikali nyingine ya kuvunja vifungo vya salfa ndipo DNA ikubali kutoka. Tulipozipitisha sampuli zote njia hiyo, tofauti zilizokuwa zimetusisimua zilinywea, nyingine zikatoweka kabisa. Kilichotoka ni makala fupi ya mbinu, isiyo na kichwa cha kuvutia. Mfadhili hakuipigia makofi, lakini barua pepe ninazopata kuihusu ni nyingi kuliko za makala zangu zote zilizofuata.

Jambo jingine dogo la manii, kwa wanaojipima nyumbani na kliniki: mbegu moja huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, na siku kadhaa zaidi kusafiri hadi nje. Sampuli ya leo inaeleza hali ya mwili ya miezi miwili na nusu iliyopita. Mtu aliyeacha sigara juzi asitafute mabadiliko kesho, na aliyeugua homa kali mwezi uliopita asiogopeshwe na kipimo kimoja.

Baada ya hapo nilivutwa na fumbo kubwa zaidi. Kwa nini mamalia yeyote, panya au binadamu, hawezi kutokana na mama peke yake? Mijusi wengine wanaweza, baadhi ya samaki wanaweza, sisi hatuwezi. Jibu lilipatikana mwaka 1984 katika maabara mbili zilizofanya kazi mbalimbali. Moja ilikuwa Cambridge, ya Azim Surani, mwanasayansi aliyezaliwa Kisumu mwaka 1945. Nyingine ilikuwa Marekani, ya James McGrath na Davor Solter. Walichukua mayai ya panya yaliyotoka kurutubishwa, ambamo kiini cha baba na cha mama bado viko mbalimbali, wakavibadilishana kwa sindano nyembamba. Yai likipewa viini viwili vya mama, kiinitete hujitahidi kukua lakini kondo linakuwa duni. Likipewa viwili vya baba, tishu za kondo hustawi na kiinitete hudumaa. Yote mawili hufa. Herufi za DNA zilikuwa zimekamilika, seti mbili kama kawaida. Kilichopungua ni alama zinazoonyesha kila seti imetoka kwa mzazi gani.

Binadamu hutupa mfano wa hayo bila sindano ya mtafiti. Mimba zabibu iliyo kamili, ile ambayo kondo hugeuka vifuko vilivyojaa maji na mtoto hayupo, mara nyingi hutokea pale mbegu inapoingia kwenye yai lisilo na DNA ya mama kisha ikajirudufu. Kromosomu ni 46, zote za baba. Upande wa pili kuna uvimbe wa ovari uitwao teratoma, unaotokana na yai lililoanza kujigawa lenyewe: ndani yake utakuta nywele, ngozi, hata meno, lakini hukuti kondo. Nilipoviona vyote viwili wiki moja kwenye maabara ya patholojia nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nimeshayasoma yote hayo. Kuyasoma na kulishika jino lililoota ndani ya ovari ni vitu viwili.

Jeni za kwanza zenye chapa ya mzazi zilitambuliwa kwa panya mwaka 1991, na sasa kwa binadamu tunazijua zipatazo mia moja. Igf2 ya baba hufanya kazi, ya mama imenyamaza. Kazi yake ni kukuza. Kwa panya, Igf2r ya mama hufanya kazi, ya baba imenyamaza; kazi yake ni kuifagia protini ya Igf2 isizidi. Mwanabayolojia David Haig ana nadharia kwamba huu ni mvutano wa zamani wa wazazi juu ya kiasi cha lishe ambacho kijusi kivute kutoka kwa mama. Naipenda nadharia hiyo kuliko ninavyoweza kuithibitisha. Lisilo na ubishi ni madhara ya chapa hizo hospitalini: kipande kilekile cha kromosomu ya 15 kikikosekana upande wa baba, mtoto hupata sindromu ya Prader-Willi, yenye misuli legevu utotoni na baadaye njaa isiyoshiba. Kikikosekana upande wa mama, hupata sindromu ya Angelman, yenye degedege, kuchelewa sana kuongea na kicheko cha mara kwa mara. Kwa tiba ya kawaida hayo ni magonjwa mawili tofauti kabisa. Kwa DNA, ni upungufu mmoja wenye wazazi wawili.

Kuhusu maabara ya kila siku nitapita haraka, kwa kuwa sehemu kubwa ni kusubiri. Tangu Marianne Frommer na wenzake walipochapisha mbinu ya bisulfaiti mwaka 1992, wengi wetu tunasoma methili kwa kuiloweka DNA kwenye kemikali inayogeuza kila C tupu na kuiacha C yenye methili. Mbinu ni nzuri ila ni katili, huikatakata DNA hadi sehemu kubwa ipotee. Isipokamilika, C tupu zilizosalimika zitasomeka kama zina methili. Siku hizi tunatumia pia chipu zinazopima sehemu zaidi ya 850,000 kwa mkupuo. Mwanafunzi akiniletea orodha ya sehemu zilizovuka kizingiti cha kitakwimu cha asilimia 5, namwomba azidishe kwanza: kwa bahati tu, bila ugonjwa wowote, angepata 42,500. Halafu namuuliza kama wagonjwa walipimwa kwenye chipu moja na wazima kwenye nyingine, maana tofauti ya chipu ingesomeka kama ugonjwa. Ukimya wa hapo naujua.

Kondo la nyuma lilinichukua miaka mingi kuliko kingine chochote. Ni kiungo cha ajabu: cha mtoto, lakini kimezama ndani ya mama, na kikimaliza kazi hutupwa kabla mtu hajakiuliza swali. Methili yake kwa jumla ni chache kuliko ya tishu nyingine. Nilitaka kujua kinachoharibika pale mama anapopata priklampsia, yaani shinikizo la damu la ujauzito linaloweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Kukusanya kondo kulinipeleka kwenye vyumba vya kujifungulia saa za usiku, na wakunga ndio walionifundisha ninachokijua. Mmoja alinitazama nikikata kipande popote palipokuwa karibu na mkono wangu, akanielekeza tofauti kati ya upande wa kitovu, uliofunikwa utando unaong'aa, na upande uliokuwa umebandikana na mji wa mimba, ambako nyama ya mama huja imenata. Kwake lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Kwenye makala nilizokuwa nikizisoma, wengi hawakuandika hata walikata upande gani.

Tulijiwekea kipimo rahisi cha kujilinda. Mwanamke ana kromosomu X mbili na moja huzimwa kwa methili, kama mwanajenetiki Mary Lyon alivyodai mwaka 1961 akiwatazama panya. Mtoto wa kiume ana X moja na haizimwi. Kwa hiyo kondo la mtoto wa kiume likionyesha X iliyozimwa, ujue kisu kimekata nyama ya mama. Kwa watoto wa kike mbinu hiyo haifai na inabidi kulinganisha DNA yenyewe na ya mama, ambayo ni kazi ndefu zaidi. Kisha kuna wiki za ujauzito. Mama mwenye priklampsia kali mara nyingi huzalishwa mapema, wakati kondo za kulinganishia hutoka kwa mimba zilizotimiza muda. Alama za kondo hubadilika wiki hadi wiki. Asiyekumbuka hilo atatangaza kwamba amegundua ugonjwa, kumbe amepima kalenda.

Watu wengi wanaoniandikia, hata hivyo, hawaulizi habari za kondo. Wanauliza habari za njaa, hofu na mama zao.

Chanzo kikubwa cha maswali hayo ni utafiti wa Uholanzi. Kati ya Novemba 1944 na Mei 1945, chini ya jeshi la Ujerumani, miji ya magharibi mwa nchi hiyo ilikosa chakula hadi mgawo wa mtu mzima ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Kumbukumbu za uzazi zilitunzwa, hivyo inawezekana kujua nani alitungwa katikati ya njaa na nani alikuwa karibu kuzaliwa. Mwaka 2008 Bastiaan Heijmans, L. H. Lumey na wenzao walipima damu ya waliotungwa wakati huo, wakiwa na umri wa karibu miaka 60, wakawalinganisha na ndugu zao wa jinsia ileile wasioguswa na njaa. Kwenye jeni ya IGF2, ileile ya kukuza niliyoitaja, methili ilikuwa wastani wa asilimia 48.8 kwa waliotungwa kwenye njaa, na 51.5 kwa ndugu zao. Waliopata njaa mwishoni mwa ujauzito hawakuwa na tofauti hiyo, ingawa ndio waliozaliwa na uzito mdogo.

Nauheshimu sana utafiti huo, hasa kwa kuwatumia ndugu. Tazama lakini ukubwa wake: chini ya pointi tatu, kwenye chembe nyeupe za damu, baada ya miongo sita ya maisha, magonjwa na milo. Kutoka hapo hadi vichwa vya habari kwamba njaa ya bibi imeandikwa ndani ya jeni zako, kuna mwendo mrefu ambao hakuna aliyeutembea. Huko Gambia, ambako chakula hubadilika sana kati ya masika na kiangazi, watafiti walionyesha mwaka 2014 kwamba msimu wa kutungwa mimba, pamoja na viwango vya virutubisho vya kutoa methili katika damu ya mama wakati huo, vilihusiana na alama za mtoto kwenye sehemu chache maalumu za DNA. Kwangu hiyo ni kazi yenye nguvu zaidi kwa swali hili, na waandishi wake wenyewe hawakudai kwamba watoto hao wataugua.

Lipo pia suala la kuhesabu vizazi, ambalo watu wenye elimu kubwa huliruka. Mwanamke mwenye mimba ya binti akishinda njaa, walio ndani ya njaa ile ni watatu kwa pamoja: yeye, binti yake, na mayai machanga yaliyokwisha kuanza kuumbwa ndani ya ovari za binti, ambayo mojawapo huenda likawa mjukuu. Mjukuu akionyesha tofauti hujathibitisha urithi wa alama, kwa sababu seli aliyotokana nayo ilikuwepo. Kwa upande wa mama inabidi ufike kwa kitukuu. Kwa upande wa baba mjukuu anatosha, kwa kuwa njaa ya mwanamume humgusa yeye na mbegu zake tu. Na njiani alama hufutwa mara mbili: mara moja baada ya yai kurutubishwa, ambapo zile za chapa ya mzazi hulindwa na protini kama ZFP57, na mara ya pili ndani ya seli zitakazozaa mayai na mbegu za kijusi, ambapo hata chapa hufutwa ziandikwe upya. Kwa panya kuna sehemu zinazoponyoka. Kwa binadamu, alama kuvuka vizazi vyote hivyo haijathibitishwa.

Kwa nini nang'ang'ania hili? Kwa sababu ya wanawake wanaokaa mbele yangu. Huniita daktari, nami hueleza kwamba mimi si daktari wa kutibu, nao huendelea kuniita hivyo. Mimba imeharibika, au mtoto amezaliwa na kasoro, na wamesoma mahali kwamba mfadhaiko wa mama, au alichokula, au hasira aliyomezea mumewe, vilibadilisha alama za mtoto. Wanataka niwaambie ni kosa gani. Sijawahi kuona sampuli inayoweza kujibu swali hilo kwa mtu mmoja mmoja, na huwaambia hivyo waziwazi, bila kulizungushia maneno ya kitaalamu. Huwaambia pia kwamba makala zinazomhusu mama zinazidi mno zinazomhusu baba kwa sababu moja ya kusikitisha: mama ndiye anayepatikana kliniki.

Kuna wauzaji wa vidonge wanaoahidi kupanga upya epijenetiki ya mtoto kabla hajatungwa. Wanapenda kutaja panya wa agouti, ambao mwaka 2003 Robert Waterland na Randy Jirtle walionyesha kwamba mama zao wakilishwa asidi ya foliki, vitamini B12, kolini na betaini, watoto wengi zaidi hutoka na manyoya ya kahawia badala ya njano. Ni kweli, na ni kazi nzuri. Inatokana na kipande kimoja cha DNA ya kuhamahama kilichojichomeka kando ya jeni moja ya panya hao. Sisi hatuna kipande hicho hapo. Mwanamke akiniuliza kama anywe asidi ya foliki nasema ndiyo, mikrogramu 400 kwa siku kabla ya kushika mimba na katika miezi mitatu ya kwanza, kwa kuwa jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 1991 lilithibitisha kwamba asidi ya foliki huzuia kasoro za uti wa mgongo na ubongo. Sababu hiyo inatosha bila kuongezewa chumvi.

Wazazi waliopata watoto kwa kutungisha mimba maabara huwa na swali lao. Tangu Louise Brown, mtoto wa kwanza wa aina hiyo, azaliwe Julai 1978, watoto zaidi ya milioni 10 wamezaliwa kwa njia hiyo. Mwaka 2003 madaktari wa Marekani, Uingereza na Ufaransa waligundua kwamba sindromu ya Beckwith-Wiedemann, ambayo hukuza mwili kupita kiasi na inatokana na alama za kromosomu ya 11, ilionekana mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa kati ya watoto hao. Ongezeko hilo limethibitika tena na tena. Lakini ugonjwa wenyewe humpata takriban mtoto 1 katika 10,000 hivi, na hata ukizidishwa mara kadhaa bado ni nadra. Je, ni dawa za kuchochea ovari, au kimiminika cha kuoteshea kiinitete, au ni ugumba uleule uliowapeleka wazazi kliniki? Ni vigumu kutenganisha, maana watu wasio na tatizo la uzazi hawaendi kutungishiwa mimba ili watusaidie kulinganisha. Nawaambia wazazi namba, nao huzielewa vizuri kuliko tunavyowadhania.

Kazi niliyo nayo sasa ilianzia kwa dada wawili. Wote walikuwa wamepata mimba zabibu, moja baada ya nyingine, na mkubwa alikuwa ameshauriwa na watu wake abadili mume. DNA ya vifuko ilipopimwa haikuwa ya baba peke yake kama nilivyoeleza huko juu. Ya mama ilikuwemo, seti kamili. Chini ya darubini lilikuwa kondo la mimba zabibu lisilo na shaka, na kromosomu za mama zipo, ila hazikuwa na alama ambazo yai lilipaswa kuziandika lilipokuwa likikua ndani ya ovari. Kiinitete kilizisoma kama za baba wa pili.

Jeni inayohusika mara nyingi ni NLRP7, iliyotambuliwa mwaka 2006. Mwanamke hurithi nakala mbovu kutoka kwa kila mzazi, nao wazazi ni wazima kwa kuwa kila mmoja ana nakala moja inayofanya kazi. Kubadili mume hakubadilishi kitu, kuingiza mbegu kwa sindano hakusaidii, kwani tatizo liko ndani ya yai kabla baba hajaingia kwenye hadithi. Yai la kupewa na mwanamke mwingine husaidia: wanawake wenye kasoro hiyo wameripotiwa kupata mimba za kawaida na watoto wazima kwa njia hiyo, kwa sababu mji wao wa mimba hauna neno. Katika miaka yangu yote hii ni mara chache sana nimeweza kuandika ripoti inayomwambia mtu cha kufanya. Dada mkubwa aliisoma, akaomba nakala ya pili ya kuwapelekea waliomshauri abadili mume.

Protini hiyo inafanya nini hasa ndani ya yai, hatuwezi kumuuliza panya, kwa sababu panya hana NLRP7. Inabidi yawe mayai ya binadamu, na tunayopewa ni yale yaliyovunwa kliniki yakiwa hayajakomaa, yasiyofaa kwa matibabu. Tunayasoma moja moja. Yai changa kama hilo lina nakala nne za kila kromosomu, na seli ya mwili iliyonata pembeni yake ina mbili, kwa hiyo seli moja tu ikisahaulika, theluthi ya DNA ndani ya mrija si ya yai. Tunalivua kila moja ganda lake kwa mkono, na watu wawili hutazama kabla halijaingia kwenye mrija. Wanawake wanaotupa mayai hayo karibu wote huuliza kama watapata majibu yatakayowasaidia kushika mimba. Hawatapata. Nilisisitiza hilo liwe sentensi ya kwanza ya fomu ya ridhaa, ingawa kamati ilitaka tuanze na umuhimu wa utafiti. Wengine wanaisoma sentensi hiyo, wanarudisha kalamu, na muuguzi anawaonyesha njia ya kutokea bila kuwauliza sababu.